Nne Iliyosomeka Nane

Tabitha,

Habari za blanketi, vidonge vya malaria na kutonunua samaki dirishani treni ikisimama Saranda, baba yako atakupa asubuhi. Yeye hana kinyongo na wewe, kwa hiyo baraka zake zitafika. Mimi kinyongo ninacho, na nimeona afadhali nikimwage kwenye karatasi kuliko kukubana nacho mlangoni umeshika begi.

Tangu siku ulipokwenda kwa Mwekezaji bila kuniaga tunaishi humu ndani kama wapangaji wawili wanaogombea bafu. Shikamoo. Marahaba. Basi, kila mtu na upande wake. Baba yako anapita katikati na sahani za ugali kama mtu anayevuka mpaka wa nchi mbili zilizogombana. Sasa unakwenda Mwanza kuandika programu za kampuni ya simu, na mimi sitaki uondoke ukidhani kimya changu maana yake nimeyameza. Sijayameza. Mengine unayajua, lakini uliyasikia vipande vipande ukiwa chuoni. Yasikie yote kutoka kwangu, halafu unichukie kwa hesabu iliyokamilika.

Shirika letu lilipouzwa, majina ya waliopunguzwa yalisomwa uani, jua la saa saba, kama majina ya wanafunzi waliofeli. Nilikuwa fundi wa redio za mawasiliano, mwanamke peke yangu katika karakana ile, na jina langu lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Waliobaki walitazama viatu vyao. Siku ile niliapa kwamba sitamtegemea tena mtu wa kunipa kazi wala wa kunifundisha. Nikafungua chumba cha mbele hapa Nkuhungu, nikanunua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikakaa na vitabu mpaka nikajua kuandika programu na kuitia ndani ya chipu ndogo isiyozidi kucha ya kidole gumba. Watu walikuja kutengenezewa redio kaseti, nami nyuma ya pazia nilikuwa naunda vifaa vyangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijivunia hilo kupita kiasi. Mtu aliyejifunza peke yake hana aliyewahi kumwambia "hapa umekosea", na sikio lisilozoea neno hilo linapolisikia kwa mara ya kwanza linadhani limetukanwa.

Kisha akaja Mwekezaji. Alikuwa amenunua kile kituo cha maziwa nje ya mji kilichokuwa cha serikali, na kila mtu alimwita hivyo, nasikia hata mkewe. Wafugaji wanaleta maziwa alfajiri, yanamiminwa kwenye tenki la kupozea, gari linayachukua. Wakati ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Umeme ukikatika usiku, lazima mtu awashe jenereta upesi, la sivyo maziwa yanaharibika. Mtu huyo alikuwa Mzee Idi.

Wewe humjui Mzee Idi vizuri, kwa hiyo usimfanye malaika. Ni Mrangi wa milima ya Kondoa, mrefu, mkavu, ana ulimi kama msasa. Alikuwa kwenye kituo kile tangu enzi za serikali na alitutendea wote kama wageni waliochelewa. Mara ya kwanza nilipofika na kifaa changu aliniuliza kama fundi mwenyewe anakuja baadaye. Sikumpenda. Nakuambia hivyo kwa sababu nimejiuliza mara nyingi kama ningemsikiliza zaidi endapo ningempenda, na jibu silipendi pia.

Mwekezaji alitaka kujua tenki lina joto gani usiku kucha bila yeye kuwapo. Nikamuundia kifaa: kipimajoto kinachotumbukizwa ndani ya tenki, waya hadi kwenye kiboksi, ndani ya kiboksi ile chipu yenye programu yangu. Kwa kuwa chipu ina nafasi ndogo ya kumbukumbu, niliiamuru itunze namba moja tu kwa kila saa, lile joto la juu kabisa. Ukichomeka waya wa USB kwenye kompyuta, namba zote zinashuka. Nilikijaribu hapa hapa mezani kwa maji ya mtungi, nikakiacha kisome, kisha nikachomeka waya na kuzitoa namba. Kilisema kweli kila mara. Nikakipeleka kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto anayekwenda kubatizwa.

Mwekezaji akaniambia, "Mama, waya usichomoe. Nataka nikiingia ofisini nikute namba kwenye skrini." Nikauacha umechomekwa. Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba sikulifikiria hata njiani nikirudi nyumbani.

Haikupita muda mrefu maziwa ya gari moja yakaganda kabla hayajafika sokoni. Mwekezaji akanipigia simu nifike mara moja nimsomee namba. Ilikuwa asubuhi, wafugaji wamejaa uani na madumu yao, akina mama wa Kigogo na vijana wenye baiskeli. Akaigeuza skrini kuelekea dirishani. Nikasoma kwa sauti. Saa moja usiku, nne. Saa mbili, nane. Saa tatu, nane. Saa nne, nne. Saa tano, nane. Maziwa yanapaswa kukaa kwenye nyuzi nne. Kwenye nane yanaanza kuharibika.

"Ulikuwa umelala," Mwekezaji akamwambia Mzee Idi. "Au uliuza dizeli ya jenereta. Chagua moja."

"Sikulala na sikuuza. Umeme haukukatika usiku ule. Maziwa yalitoka hapa yakiwa baridi, muulize dereva wa gari."

"Mashine inasema nane."

Mzee Idi akanigeukia mimi. "Mama, hiyo mashine yako ni nzima?"

Nami nikamjibu, mbele ya watu wote wale, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mzee, mashine haina sababu ya kukuonea."

"Mashine haina," akasema. "Wewe je?"

Watu wengine wakacheka. Nilihisi uso unawaka, na badala ya kufikiria swali lake nikafikiria kicheko. Alifukuzwa saa ile ile. Mlinzi alimpekua kanzu yake langoni, mzee wa umri ule, watoto wa baiskeli wakitazama. Kuanzia siku ile mji mzima ulimjua kuwa mwizi wa dizeli. Mwekezaji alinipongeza. Nilipewa chai.

Wewe ulirudi kutoka chuoni mwezi ule na cheti chako na ile tabia yako ya kushika kila kitu cha mtu. Ulizikuta namba zile kwenye kompyuta yangu, nilikozinakili. Ulikuwa unakula karanga, nakumbuka, na ukaacha kutafuna.

"Mama, hizi namba zinaruka."

"Zinaruka vipi?"

"Nne, nane, nne, nane. Tano iko wapi? Sita iko wapi? Tenki zima la maziwa halipandi kutoka nne hadi nane bila kupita tano. Maziwa hayana miguu."

Tabitha, niliijua hoja hiyo ni kweli kabla hujamaliza kuisema. Kinywa tu ndicho kilichosema, "Ninyi wa vyeti mna maneno."

Ukaenda kununua barafu kwa muuza juisi. Ukaiweka kwenye sufuria yangu ya maharage na maji, ukatia kipimajoto cha kifaa changu cha pili, pacha wa kile cha Mwekezaji, na kingine cha kioo ubavuni, ukakoroga taratibu mpaka kile cha kioo kikakaa kwenye nne. Ukakiacha kisome bila waya wa USB, na ulipozitoa namba zilikuwa nne. Ukachomeka waya. Kikasema nne, nne, nne, halafu nane. Kile cha kioo hakikutikisika.

Nikasema ni waya mbovu. Ukaleta waya mwingine, nane ikaja. Nikasema ni kompyuta, kuukuu hii, imechoka. Ukaazima ya jirani yetu mwanafunzi, nane ikaja. Nikasema ni umeme wa Nkuhungu unapanda na kushuka. Ukaiendesha ile ya kuazima kwa betri yake. Nane. Kila nilichokitupia lawama ulikitoa mezani, mpaka kikabaki kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekigusa, nacho ni mistari niliyoiandika kwa mkono wangu. Sasa unakwenda kuishi kwa kazi hii, basi chukua hili: fundi anayetafuta kosa huanza mbali na yeye mwenyewe na kusogea polepole sana. Nilikuwa na njia ndefu ya kusogea na wewe ulinikimbiza.

Ulipoifungua programu yangu ulilikuta kosa kabla chai haijapoa. Joto lilitunzwa kwa namba yenye nusu mbili, na chipu inaweza kusoma nusu moja tu kwa wakati mmoja. Ni kama namba za kilomita kwenye gari. Tisini na tisa inapogeuka kuwa mia, tarakimu zote zinabadilika pamoja. Ukisoma zile za nyuma zikiwa bado tisini na tisa, mtu akakuita, ukaitika, ukarudi kumalizia na kukuta ya mbele imeshakuwa moja, utaandika mia na tisini na tisa, wakati gari halijawahi kufika huko. Aliyekuwa anaita ni kompyuta. Waya ukiwa umechomekwa, inakiita kifaa wakati wote, na kifaa changu kiliacha kusoma katikati ili kiitike. Na ile sehemu ambapo tarakimu zote hugeuka pamoja, kwa jinsi nilivyozipanga mimi, iliangukia kwenye nyuzi nne. Nami niliiamuru itunze namba kubwa kuliko zote za saa nzima. Uongo mmoja ukitokea ndani ya saa, ndio unaobaki.

Ukanieleza hayo bila majivuno, nakubali. Kisha ukasema maneno ambayo sijaweza kuyatoa masikioni. "Kwa hiyo, mama, joto lingekuwa sita usiku kucha kisingedanganya. Kinadanganya pale tu mtu anapofanya kazi yake sawasawa."

Nikauchomoa waya, nikautupa ukutani. Nikakuambia karakana hii ndiyo iliyokusomesha, ukiitoboa tutazama wote. Nikakukataza kumwambia mtu yeyote mpaka nifikirie. Hayo unayakumbuka, hata mimi sihitaji kuyapamba. Nilifikiria siku nyingi, na fikra zenyewe zilikuwa hizi: nitarekebisha kimya kimya, nitamwambia Mwekezaji nimekuja kusafisha kifaa, na Mzee Idi ameshakwenda kwao Kondoa, analima, huenda ana raha kuliko sisi. Tazama jinsi mtu anavyompangia mwenzake raha.

Sasa nije kwenye hasira yangu, maana usidhani nimeandika yote haya ili niseme nilikosa na wewe ulipatia.

Ulivaa lile gauni la mahafali, ukaenda ofisini kwa Mwekezaji, ukamweleza yote. Akaja na pikapu yake, akakitupa kiboksi juu ya meza yangu mbele ya wateja. "Mama Tabitha, umenifanya nimfukuze mtu bila kosa."

Nikamwambia, "Basi mrudishe."

"Nafasi imejaa." Alikuwa ameshamweka shemeji yake. Na yule shemeji analala kweli. Watu wanamsikia akikoroma hata lango likiwa limefungwa. Mwekezaji hakumwandikia Mzee Idi hata neno moja. Aliitumia kweli yako kunivunjia jina tu. Mwenye kinu cha alizeti, niliyemuundia kifaa kama hicho, akakirudisha, kisha wengine, na sasa nimebaki na redio kaseti.

Hicho ndicho ninachokudai, mwanangu. Ulikuwa na kweli mkononi ukaipeleka kwa mtu mwenye nguvu, ukamwachia yeye aamue nani anastahili kuisikia. Aliyeitwa mwizi si Mwekezaji! Hukupanda Kondoa. Hukuuliza hata kijiji chake. Ulitaka kusafisha dhamiri yako na ulichagua mlango uliokuwa karibu na wenye kiyoyozi. Nilipokupigia kelele hivyo siku ile, ulinijibu kwa utulivu ule unaonikera, "Nilikuambia wewe kwanza, mama." Ukaingia chumbani. Sikupata jibu, na kwa kukosa jibu nikaacha kusema na wewe. Ndiyo sababu yenyewe, ukitaka kuijua.

Unakumbuka nilipoaga nakwenda Mvumi kumwona shangazi yako hospitalini? Shangazi yako hakuwa mgonjwa. Nilikwenda Kondoa.

Nilimkuta akipalilia mbaazi kwenye mteremko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kuacha jembe. Mkewe alinipeleka kivulini, akanipa uji, akakaa karibu, mama mpole asiyejua bado mimi ni nani. Mzee alipokuja nikamweleza yote, kuhusu zile nusu mbili, kuhusu waya, kuhusu nne na nane. Sikuficha. Yule mama aliposikia, akainuka na kukitwaa kikombe cha uji mkononi mwangu kabla sijamaliza, akaingia nacho ndani.

Mzee Idi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umetoka Dodoma kuja kuniambia kwamba nilikuwa macho?"

"Ndiyo, mzee. Na kuomba radhi."

"Najua nilikuwa macho. Mimi ndiye niliyekuwa macho! Kuna faida gani kuniambia mimi?"

Akafuta udongo kwenye jembe lake, akaendelea.

"Walionisikia naitwa mwizi hawako hapa kwenye mbaazi. Wako kule. Radhi yako kaa nayo, mama, mimi sina pa kuiweka. Ninachotaka ni mdomo wako. Ule ule uliosoma namba."

Akaniambia amepeleka malalamiko ofisi ya kazi na kila akienda wanamwonyesha karatasi yenye zile nane zangu. Amepewa siku moja ya mwisho ya kusikilizwa. Akanitajia siku. Akaniambia niende na kifaa, na barafu, na waya. Kisha akarudi shambani. Hakunisindikiza hata hatua moja, na kwa mila zetu unajua hilo lina uzito gani.

Siku yenyewe ni kesho, Tabitha, asubuhi, wakati ule ule wa treni yako.

Mwekezaji ameshajua. Alimtuma mlinzi wake aniambie kwamba nikifika, ataniuliza swali moja tu mbele ya afisa: tangu lini nilijua? Anadhani swali hilo litanibakisha nyumbani. Nimelala nalo na kuamka nalo wiki hii, na nimeona halina majibu mawili. Nitasema nilijua tangu siku binti yangu alipoweka barafu kwenye sufuria ya maharage, na nikanyamaza, na mzee wa watu akaendelea kuwa mwizi kwa sababu nilikuwa nafikiria. Nikishasema hivyo, hakuna atakayeniletea kifaa tena hapa mjini. Pengine hata redio. Baba yako nimemwambia jioni hii. Akaniuliza barafu nitaitoa wapi mapema hivyo, akatoka kwenda kuongea na yule muuza juisi.

Wakiuliza aliyeligundua kosa ni nani, nitataja jina lako lote, pamoja na la babu.

Ile programu nimeirekebisha. Ilikuwa mistari miwili: mmoja unafunga mlango kabla ya kusoma ili asiyehusika asiite, mwingine unaufungua nusu zote mbili zikishasomwa. Nimeijaribu kwenye maji ya nne mpaka vidole vikafa ganzi, na waya umechomekwa. Kesho nitakwenda na vifaa viwili, chenye kosa na kilichopona, waone kwa macho yao.

Huko uendako utaandika vitu vitakavyowasema watu usiowajua. Salio la mtu litaisha kwa mstari wako, simu ya mtu itakataa usiku mgonjwa akiwa mbaya. Hawatakujua na hawatakuwa na wa kumuuliza. Siku wakikuletea mtu anayelalamika na skrini inayosema vingine, sitakuambia umwamini mtu huyo. Wengine ni waongo kweli. Lakini kabla hujafungua kinywa, jaribu kwa joto lile lile analofanyia kazi yeye, na waya ukiwa umechomekwa kama yeye alivyouacha. Mimi nilijaribu kwa maji ya mtungi.

Bado nina hasira na wewe. Labda itaisha, labda itazoea tu kukaa, sijui. Hasira za ukoo wetu hazina haraka. Usiniandikie kuniuliza yameishaje, maana nitakujibu vibaya. Krismasi ukirudi, kabla hujafika nyumbani, pita sokoni, simama penye wauza maziwa, uwasikilize. Ukikuta wananitukana mimi badala ya Mzee Idi, ujue nilikwenda, nikasema.

Mama yako